Hurricane, typhoon na cyclone: kimbunga kilekile

Je, hurricane, typhoon na cyclone ni dhoruba tatu tofauti? Hapana. Ni kimbunga kilekile cha baharini, ila Kiingereza hubadilisha jina kufuatana na bahari kilipo. Atlantiki na Pasifiki ya mashariki huitwa hurricane, Pasifiki ya kaskazini-magharibi typhoon, na Bahari ya Hindi na Pasifiki ya kusini cyclone. Ukali hauhusiki: hurricane na typhoon zote huanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa. Tena kimbunga kikivuka longitudo 180 (mstari wa ramani unaopita katikati ya Pasifiki) kuelekea magharibi, hurricane inageuka typhoon hapohapo, na ndani yake hakijabadilika kitu. Kimbunga John cha mwaka 1994 kilivuka hivyo.

Wa kuangalia ni tornado. Sisi nayo tunaiita kimbunga, na hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika. Hiyo ni nguzo ya upepo inayozunguka kutoka wingu la radi mpaka ardhini, kwa kawaida haina upana hata wa kilomita moja, na mara nyingi huisha kwa dakika chache. Kimbunga cha baharini hudumu siku kadhaa.