Hina ibaki, piko iondoke

Swali lenu la wiki hii linauliza: katika desturi za harusi, ipi tuishike na ipi tuiache? Najibu kwa upande wa Pwani, na jibu langu halitoki nje ya mikono ya bibi harusi. Hina ibaki. Piko, ile rangi nyeusi ti ya kuchorea maua, iondoke.

Piko ilipata nafasi kwa sababu hina inataka muda na watu siku hizi hawana subira. Unga wa hina gramu 100 unatosha mikono mpaka viwiko pamoja na miguu. Nunua ulio kijani. Uliogeuka kahawia umekaa sana dukani na rangi yake imekwisha. Uchekeche kwa kitambaa cha nailoni, maana chembe moja tu ikiziba koni, ua linakatika katikati. Kanda kwa maji ya ndimu kidogo kidogo, kama kikombe kimoja, mpaka uwe mzito kama mtindi. Tia vijiko viwili vya sukari ili ishike ngozini isipukutike, na kijiko cha mafuta ya mkaratusi. Funika, ilale. Asubuhi ukikuta juu pamekuwa kahawia na ndani bado kijani, rangi imeachia. Weka tone kwenye kiganja dakika 5, lifute: likiacha alama ya rangi ya chungwa, jaza koni.

Wengi huharibu kwenye mpangilio wa siku. Singo, yaani kusuguliwa mwili, na kutoa malaika, zile nywele laini za mwilini, vitangulie, kwa sababu hina hukaa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Ukisugua baadaye unaiondoa rangi uliyoilipia. Mikono ioshwe kwa sabuni, isiguswe na mafuta, ndipo achorwe. Nikahi ikiwa Ijumaa, hina ni Jumatano. Ikae saa 6 hadi 8, ikianza kukauka iguswe kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari. Muda wote huo somo, yaani kungwi wake, au shoga yake amlishe, na hata kumkuna pua. Kisha ikwanguliwe, isioshwe. Maji yasubiri mpaka kesho yake. Itatoka ya chungwa na watu watanuna. Waache. Baada ya siku mbili inakuwa kahawia iliyoiva. Na mgongo wa mkono hauwezi kukolea kama kiganja: ngozi yake ni nyembamba, msimlaumu mchoraji.

Sasa piko. Nyingi ni dawa ya kupaka nywele rangi nyeusi, na kinacholeta weusi ule ni kemikali iitwayo PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, lakini si kwa kuchora ngozi. Mchoraji anayekoroga kwa kukadiria kwa jicho hajui ametia kiasi gani. Madhara huweza kuchelewa mpaka wiki moja au mbili, ndiyo maana lawama humwendea samaki wa walima, karamu ya harusi: mwasho, malengelenge yanayofuata maua yenyewe, pengine kovu. Ngozi ikishaikataa PPD, inaikataa maisha yote, na huyo bibi akija kupaka nywele rangi miaka kumi baadaye uso unaweza kuvimba mpaka macho yakafumba.

Kuitambua si kazi. Hina halisi haitoi rangi nyeusi na haikolei kwa saa moja. Ukiambiwa «dakika 30 tu, unaosha», hiyo ni piko hata kama koni imeandikwa hina. Anayetaka weusi wa maua apambe kwa jagua, rangi ya tunda la Amerika ya Kusini, ingawa ni adimu kwetu na wapo wanaodhurika nayo pia.

Moja la mwisho, kuhusu vitoto vinavyopakwa kwa furaha ya shughuli. Hata hina safi ni hatari kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, tatizo la kurithi la damu ambalo si geni kwenye maeneo yetu ya malaria: chembe nyekundu za damu huvunjika. Mtoto mchanga asipakwe kabisa. Akipakwa, kisha akapauka, macho yakawa manjano au mkojo ukawa wa rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na daktari aambiwe kuhusu hina.