Doa la Ukingoni

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku hatujambo, goti langu ni lilelile, na kaka yako Salim anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza jambo moja: lile bakuli la Kijapani ulilolichukua baada ya arobaini ya baba yako, je, kasha lake ni la kwake kweli? Unasema yule mwenye duka la vitu vya kale huko Leicester ameona bakuli linacheza ndani ya kasha, na anadhani maandishi ya wino kwenye kifuniko ni ya bakuli jingine. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kutaja bei ya nyanya, ukaandika kwamba amejitolea kukusafishia yale madoa ya kahawia.

Maneno hayo ya mwisho yameninyima usingizi. Habari ya kasha nitakujibu, subiri kidogo.

Unajua kwamba baba yako alikwenda Yamaguchi, Japani, kusomea udaktari wa mifugo, nami nikamfuata mwaka 1986, bado nina hina ya harusi mikononi. Unamjua pia Obaachan, yaani Bibi kwa Kijapani, yule jirani wa nyumba ya chini, maana umelikuta jina hilo nyumbani kwetu kama vile ni la shangazi yako. Lakini kuhusu bakuli lenyewe tulikwambia tu kwamba Obaachan alitupa zawadi, na hapo ndipo tulipokuficha.

Lilifinyangwa Hagi, mji wa pwani upande wa kaskazini wa mkoa uleule. Obaachan alinieleza asili yake polepole, akinichorea kwa kidole juu ya mkeka. Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, majeshi yake yalirudi na wafinyanzi. Miongoni mwao walikuwamo ndugu wawili, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, wakaangukia mikononi mwa Mori, ukoo wa watawala wa upande ule. Mori waliposhindwa vita vya Sekigahara mwaka 1600 walipokonywa sehemu kubwa ya ardhi yao, na 1604 wakahamia Hagi, na tanuri za Wakorea hao zikawashwa huko. Watu walitolewa kwao kwa nguvu, na mikono yao ikawa fahari ya waliowachukua. Obaachan aliposema hayo aliinamisha kichwa, nami mtoto wa pwani niliinamisha changu, maana habari ya kuchukuliwa tunaijua.

Watu wa chai wa Japani wana msemo juu ya aina za vyombo vya udongo: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Udongo wa Hagi haukazi motoni ukawa kama jiwe. Unabaki na vitundu, na lile ganda la kioo la juu linapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Bakuli jipya huweza kutoa jasho chini, ukiliinua unakuta mkeka umelowa. Chai inapita kwenye nyufa, inazama kwenye udongo, inaziba vitundu, na mwaka baada ya mwaka rangi inageuka. Wanayaita mabadiliko saba ya Hagi. Mkono wa mfinyanzi unaanza tu kazi, kinachobaki humaliziwa na midomo ya watu. Ndiyo maana nawaambia siku zote, na mnanichoka: chombo ni cha kutumiwa.

Sasa nikwambie tulichokuficha.

Mwezi wa kumi na moja 1987 Obaachan aliteguka kifundo cha mguu, nikawa nashuka kumsaidia. Siku moja walimjia wageni, wanawake wawili wa rika lake. Mimi nilikuwa nimeshajifunza adabu za chai yao: kula kitu kitamu kwanza, kama sisi na kashata kwa kahawa chungu, kuinama, kuligeuza bakuli mara mbili ili usinywee upande wake wa mbele. Kabla ya yote, kuvua pete na bangili zisije zikalikwaruza. Bangili mbili alizonivisha mama yangu hazikutoka mpaka nipake sabuni, na wale wanawake wakanisubiri bila kugusa chai yao. Mchana ule nilijiona nimekuwa mtu wa pale.

Wageni walipoondoka Obaachan akajinyoosha kidogo. Nikabaki jikoni na upekecho wa mianzi, vikombe, na bakuli. Nikalitazama ndani. Mistari ya kahawia kila mahali, na ukingoni doa la ukubwa wa kidole gumba. Niliona haya kwa niaba yake. Nimelelewa nyumba ambayo sufuria husuguliwa kwa mchanga na makumbi mpaka ujione uso. Nikachukua dawa ya kutoa madoa, hii tunayoiita jiki, nikamimina na maji, nikaliacha saa nzima. Lilitoka jeupe kama tui. Nilifurahi, mwanangu. Nililiweka mezani mbele ya alipolala, nikakaa nikingoja aamke anishukuru.

Aliamka, akalishika kwa mikono miwili, akalipeleka puani. Hakusema kitu. Akatia maji ya moto, na harufu ya dawa ikapanda ikajaa chumba. Akayamwaga, akatia mengine. Mara sita, nilihesabu, na mara ya sita harufu ilikuwa bado ipo. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nimechoka, nikapumzike.

Usiku baba yako ndiye aliyenieleza. Bakuli lile mama yake Obaachan alipewa alipoolewa, na siku hiyo tayari lilikuwa kuukuu. Chai ya mama yake, na ya wale waliomtangulia, ilikuwa ndani ya nyufa zile. Mimi nimeitoa kwa saa moja.

Ningejua vipi? Hilo nimejiambia miaka yote hii. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ugenini, lugha sijui. Lakini nilijua, Rehema. Bibi yako huyohuyo wa sufuria za kung'aa alikuwa na chungu chake cha samaki, cheusi tii, na ole wake mtoto akipeleke kwenye mchanga. Alikuwa akisema ladha imo kwenye udongo. Nimekula mchuzi wa chungu kile tangu utoto. Nilipofika ugenini nikaona kauri ya Kijapani, nikaihesabu sahani ya dukani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la kutojua.

Tulipokuwa tunafungasha, Machi 1988, alipanda ngazi kwa ule mguu wake na kasha mkononi, limefungwa utepe bapa wa pamba. Ndani, bakuli limeviringwa kitambaa cha njano. Nikakinusa: manjano! Huko hutia manjano kwenye vitambaa vya kufungia vitu vya thamani ili wadudu wasisogee. Nililia hata sikusikia vizuri alichosema. Baba yako alisikia. Obaachan alisema, "Tafadhali litumieni."

Baba yako alifariki akiamini kwamba Obaachan alinisamehe. Mimi siku nyingine naamini hivyo. Siku nyingine najiuliza kama mtu hutoa kitu chake akipendacho, au hutoa kile ambacho kwake kimeshakufa. Halafu naukumbuka ule mguu na zile ngazi, nageuka tena.

Tulilitumia. Baba yako alilinywea chai ya rangi kila alfajiri akitoka msikitini, yenye tangawizi na mdalasini. Wewe ulilinywea uji ulipougua surua, ukakataa kikombe kingine chochote. Miaka mingi lilibaki jeupe, nikadhani nimeliua kweli. Wewe ulipokuwa darasa la pili ndipo nilipoona mstari wa kwanza, mwembamba kama unywele. Sikumwita mtu, nilikaa nao jikoni peke yangu.

Kuhusu kasha: mtu wako amesema kweli. Kasha la kwanza liliharibiwa na maji zamani, bakuli likatafutiwa hili, ambalo ni la bakuli kubwa kidogo. Obaachan alitwambia mwenyewe. Mwambie hivyo, na kama bei itashuka ishuke. Na ule mkato kwenye kitako si pengo. Ulikatwa kwa kisu udongo ukiwa mbichi, ndivyo wanavyofanya Hagi.

Uuze au usiuze, sisemi. Nililitamka mbele ya kaka zako kwamba ni lako, na neno langu silirudishi. Ingawa likiingia kwenye kabati la kioo la mtu asiyekunywa chai, mimi sijui, chombo ni cha kutumiwa... Basi, nimesema sisemi.

Ila hukuniambia kama bakuli liko kwako au umemwachia. Kama umemwachia, kalichukue kabla hajaligusa. Na kama unalo, liweke dirishani asubuhi, ugeuze ule mkato wa kitako ukuelekee, kisha utazame ukingoni upande wa kulia, pale baba yako alipokuwa akiweka mdomo. Usiniandikie, barua inachelewa. Nipigie uniambie kama doa bado lipo.

Mama yako