Kabla hujalipia kozi ya uchambuzi wa tabia, nunua daftari

Kila vijana wanapomaliza chuo, simu yangu hujaa: "Madam, nataka kuwa mchambuzi wa tabia, naanzia wapi?" Ni kazi ya kutafuta kwa nini mtu anafanya anachofanya, kisha kumfundisha njia iliyo bora. Kabla sijajibu, wanaulizia ada ya kozi. Tulieni kwanza.

Mimi nilianzia darasani, kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi moja pembezoni mwa jiji la Mbeya. Tulikuwa na mtoto wa miaka tisa mwenye usonji, asiyesema. Kila asubuhi alivua kandambili akazirusha dirishani. Nami nilimtoa nje akaziokote, na kwa hasira nikamwacha hukohuko chini ya mparachichi dakika kumi nzima, nikijua namwadhibu. Mwezi ukaisha, kandambili bado zinaruka.

Ndipo nikachukua daftari la shilingi mia chache, nikapiga mistari ya safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Kwa wiki mbili alirusha mara 14, na mara 11 kati ya hizo ilikuwa pale nilipoanza kugawa madaftari ya kuandikia. Safu ya tatu ilirudia neno moja: nje, nje, nje. Kumbe mtoto alikuwa anakwepa kuandika, na mimi ndiye niliyekuwa namlipa kwa kumtoa nje!

Tukamfundisha kunipa kadi yenye picha ya mti akitaka kupumzika. Akinipa, anatoka dakika mbili papo hapo, bila maswali. Njia hiyo si yangu, watafiti Carr na Durand waliiandika mwaka 1985. Siku za mwanzo aliileta kadi mpaka nikatamani kuificha, na mwalimu mwenzangu akanicheka kwamba sasa mtoto ndiye mwalimu mkuu. Usiifiche. Akishazoea kwamba kadi inasikilizwa, ndipo unamwongezea kusubiri kidogo kidogo: mstari mmoja kwanza, kisha miwili. Kandambili zilibaki miguuni kabla muhula haujaisha.

Sasa vyeti. Hapa nililia pesa zangu. Nilimlipa wakala mmoja wa mtandaoni kwa mafunzo ya saa 40, yale ya ngazi ya fundi wa tabia, yaani msaidizi anayefanya kazi chini ya mchambuzi, nikiamini nitasajiliwa na BACB, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya kazi hii, iliyoanzishwa 1998. Hakuniambia kwamba tangu Januari 2023 bodi hiyo imefunga mlango kwa waombaji wapya wa nchi nyingi, na sisi tumo. Zipo bodi nyingine zinazopokea waombaji wa kimataifa, kama QABA na IBAO. Fungua mwenyewe kitabu cha mwombaji cha bodi husika, soma masharti ya nchi yako, ndipo utoe hata shilingi. Wakala anauza kozi, cheti hakitoki kwake.

Jua pia kwamba ngazi ya juu, ya mchambuzi mwenyewe, inadai shahada ya uzamili, saa nyingi za kazi chini ya msimamizi (BACB wanataka 2,000 kwa njia ya kawaida), halafu mtihani. Msimamizi wangu yuko pwani ya mashariki ya Marekani. Kwake saa tisa alasiri, kwangu saa nne usiku, Juni, baridi ya Mbeya, blanketi mabegani na LUKU inasoma yuniti mbili. Tenga hela ya bando kama unavyotenga ya kodi.

Na sijawahi kuona tangazo la ajira hapa nyumbani likitaja "mchambuzi wa tabia". Ingia kwa mlango uliopo: ualimu wa elimu maalumu, saikolojia au ustawi wa jamii. Chuo cha Patandi, Arusha, kimewatoa walimu wengi wa vitengo vyetu.

Kwa wazazi, nenda taratibu. Mama akija na mtoto mwenye hirizi kiunoni, mwamkie, msikilize, hirizi iache ilipo. Muulize mama mtoto wake anapenda nini. Mama mmoja alinijibu "ndizi za kuchoma na sauti ya cherehani", na hizo zikawa zawadi zetu za kumfundishia mtoto miezi mitatu.

Kama uko Mbeya, Iringa au Njombe, tafuta shule yenye kitengo, mwombe mwalimu mkuu na wazazi ruhusa, ukae nyuma wiki mbili na daftari lako. Simu ibaki mfukoni, hakuna video za kurusha WhatsApp. Jina la mtoto usiliandike, herufi moja inatosha.