Milioni 60: Ujenge Nyumba ya Kupangisha au Ununue Hisa?

Ukiuliza mtaani Dar es Salaam fedha iwekwe wapi, utajibiwa: nunua kiwanja, jenga, pangisha. Jibu hilo lina sababu zake. Tatizo ni kwamba wengi wanaolitoa huchukua kodi ya mwezi, wakazidisha mara 12, wakaishia hapo. Hesabu ya kweli ni ya kile kinachobaki mkononi baada ya gharama zote, pamoja na muda utakaokuchukua kuipata fedha yako siku unayoihitaji. Tuzipige hesabu hizo kwa milioni 60.

Chukua mfano wa kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa jiji kwa milioni 12, na jengo la pande mbili la milioni 48, kila upande una chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Kila upande unapangishwa kwa 250,000. Kwa mwaka unapata milioni 6, sawa na asilimia 10 ya fedha uliyoweka.

Sasa anza kupunguza. Wapangaji huhama, na nyumba hukaa tupu wakati unapaka rangi na kutafuta mwingine. Ukikadiria mwezi mmoja kwa kila upande, laki tano zimeondoka. Kodi ya serikali kwenye pango ni asilimia 10, kwa hiyo katika milioni 5.5 ulizokusanya unatoa 550,000. Ukarabati usiukadirie chini ya asilimia 1 ya gharama ya jengo kila mwaka, hapa 480,000, hata kama mwaka huu hakuna kilichoharibika, maana paa na mabomba yatakuja kudai kwa mkupuo. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Kama nyumba ina mita mbili za umeme, fuatilia isikatwe kwenye zote. Kodi ya ardhi, kunyonya choo na vitu vidogo vidogo tuseme 152,000. Kinachobaki ni milioni 4.3, yaani asilimia 7.2 hivi.

Bado hatujagusa muda wa ujenzi. Kiwanja na jengo la namna hii huchukua kwa urahisi mwaka mmoja na nusu tangu kununua hadi mpangaji wa kwanza kuingia, na muda wote huo fedha haizai. Wanaojenga kidogo kidogo hukaa miaka mitano. Kosa linalojirudia ni kukadiria gharama hadi kwenye paa, kisha kugundua kwamba umaliziaji, yaani plasta, madirisha, vigae, umeme, maji, milango na rangi, unaweza kula fedha karibu sawa na boma lenyewe. Ndiyo maana maboma yasiyo na madirisha yamejaa pembezoni mwa miji. Kila moja ni mtaji uliolala.

Na kama uko mbali, ukiwa Muscat au London, usitume fedha kwa jumla. Tuma kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta, paa, umaliziaji, na kila hatua ikaguliwe na fundi asiye wa kazi hiyo kabla ya kutuma ya inayofuata. Fundi anayejenga mwulize kuhusu matofali hasa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa takriban matofali 30 ya inchi sita yenye nguvu. Akikwambia yametoka 50, ukuta huo utapasuka.

Upande wa hisa, weka milioni 60 hizohizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kamisheni ya broka, yaani wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, ni asilimia 1.7 kwa milioni 10 za kwanza, hupungua kadiri kiasi kinavyopanda, halafu kuna VAT juu yake na ada za soko na za mamlaka. Kwa kiasi hiki gharama nzima ya kununua inafika kama milioni 1.2. Kwa muamala mdogo, usiozidi milioni 10, hesabu asilimia mbili na nusu hivi, na utailipa tena siku ya kuuza. Hii peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini kununua leo na kuuza mwezi ujao ni kumfanyia kazi broka.

Tuseme umenunua hisa za kampuni zinazotoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, la asilimia 6 ya bei ya hisa kwa mwaka. Kwenye milioni 58.8 zilizobaki unapata takriban milioni 3.53. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5 tu, na linakatwa kabla halijakufikia. Unabaki na milioni 3.35, ambayo ni chini ya nyumba kwa karibu milioni moja. Ila hujampigia simu fundi wala mpangaji, na umeanza kupata ndani ya mwaka.

Kilichobaki ni ukuaji, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Gawio lake lilikuwa shilingi 45 kwa hisa kwa mwaka 2022, 50 kwa 2023 na 65 kwa 2024. Pango la chumba na sebule halipandi kwa kasi hiyo. Lakini usichague mfano mmoja ukafurahi. Vodacom Tanzania iliuza hisa mwaka 2017 kwa shilingi 850, maelfu ya Watanzania wakanunua kwa mara ya kwanza maishani, kisha bei ikashuka chini ya hapo na kukaa huko kwa miaka. Kwa majirani zetu Kenya, wenye hisa za Mumias Sugar waliona kampuni ikiwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wanaoidai, mwaka 2019. Nyumba inaweza kukosa mpangaji, lakini tofali halifilisiki. Kampuni hufilisika.

Kuhusu kuitoa fedha, wauzaji wa pande zote mbili hupamba. Nyumba inaweza kukaa sokoni mwaka mzima, na ukiuza kwa haraka unashusha bei sana. Kisha kuna kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida kwa mkazi, dalali, mwanasheria na uhamisho wa hati. Kwa hisa, mkazi mwenye chini ya asilimia 25 ya kampuni iliyoorodheshwa hatozwi kodi hiyo. Lakini usiamini kwamba kila hisa huuzika kesho. Mauzo mengi ya soko letu yanazunguka kwenye kampuni chache, hasa CRDB na NMB. Kuna kampuni ambazo wiki hupita bila hisa hata moja kubadili mikono, na bei unayoiona kwenye orodha ni ya muamala wa zamani. Kabla ya kununua, angalia idadi ya hisa zilizouzwa kila siku kwa miezi mitatu iliyopita. Usipoona kitu, jua na wewe utakwama.

Kuanza si kazi. Unafungua akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako, kupitia broka mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kwa programu ya simu ya Hisa Kiganjani, ukiwa na namba ya NIDA na akaunti ya benki. Unapoagiza, taja bei ya juu kabisa unayokubali kulipa. Usiseme "bei ya soko" kwenye hisa isiyouzika sana, utauziwa ghali. Soma tarehe ya kufunga daftari la wanahisa: ukinunua baada ya hapo, gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia. Ukibadilisha benki, badilisha na kwenye CDS, la sivyo gawio lako linaweza kukwama bila kukufikia. Kwa benki, soma taarifa za robo mwaka zinazochapishwa magazetini na uanzie kwenye mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa kwa wakati. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Na mtu yeyote anayekuahidi faida ya kila wiki kwenye kundi la WhatsApp hauzi hisa.

Ardhi inahitaji ukaguzi zaidi, na hapa hatuna budi kukaa kidogo. Hasara ya hisa huja kwa asilimia, lakini hasara ya kiwanja huja kwa ukamilifu wake. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi ya malipo ya awali. Utajua kama hati ina mkopo, zuio la mahakama au jina tofauti na la anayekuuzia. Nenda na mpimaji akaoanishe mawe ya mipaka na ramani ya upimaji, kwa sababu kiwanja unachoonyeshwa na kiwanja kilichoko kwenye hati vinaweza kuwa viwili. Dai ridhaa ya maandishi ya mwenzi wa muuzaji. Bila hiyo, mauzo ya nyumba ya familia yanaweza kubatilishwa hata baada ya wewe kuhamia. Kama ni mali ya urithi, msimamizi wa mirathi aonyeshe barua ya mahakama, si kikao cha ukoo.

Halafu uliza kuhusu barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kuna maeneo yenye hifadhi pana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya mita 121.5. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamelipa kodi ya majengo kwa miaka. Risiti ya kodi si ushahidi wa umiliki. Mabondeni, kama bonde la Msimbazi, usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Na lazima itajwe hatifungani ya serikali, yaani mkopo unaoipa serikali nayo ikakulipa riba, maana mara nyingi inazipiku zote mbili kwa kipato cha uhakika. Unaanza na milioni moja, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka na haikatwi kodi. Hadi mwanzoni mwa 2022 ya miaka 20 ililipa asilimia 15.49 na ya miaka 25 asilimia 15.95, na aliyenunua wakati huo anaendelea kulipwa hivyo hadi mwisho. Viwango vya sasa vitazame kwenye tangazo la mnada la Benki Kuu.

Kwa mwenye milioni 60 asiye na kitu kingine, ushauri wetu ni kutojenga kwa fedha yote. Weka kwanza milioni 14 kwenye hatifungani, milioni 10 kwenye hisa za kampuni mbili au tatu zinazouzika, ununue kiwanja chenye hati, kisha ujenge upande mmoja hadi umalizike na upangishwe kabla ya kugusa msingi wa pili. Aliye na milioni tano asubiri kiwanja. Kwa fedha hiyo atauziwa eneo lisilopimwa au atafunga mkataba wa kulipa kidogo kidogo usio na hati. Hisa na hatifungani zitaikuza huku akijifunza bei za ardhi za eneo analolitaka.