Masuali ya wasomaji: Mtoto mdogo hasahau

SUALI (Wete): Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa akipigwa na kufungiwa chumbani na mwanamke aliyekuwa akimlea. Sasa tumemchukua sisi. Watu wananambia bado mdogo, atasahau. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, bibi yangu. Huenda asiweze kusimulia aliyofanyiwa, lakini umri huo ndio ambao ubongo hukua kwa kasi mno, nao hujijenga kwa yale yanayomfika mtoto kila siku. Akitishwa, mwili hutoa homoni ya kotisoli, inayouandaa kukabili hatari. Kitisho kikiwa cha mara moja na yupo wa kumpakata, homoni hiyo hushuka. Kikiwa cha kila siku, sehemu ya ubongo inayotambua hatari huwa kali kupita kiasi, huku zile za kumbukumbu na za kujizuia zikidhoofika. Ndiyo maana utamuona akijikinga uso pale unaponyanyua kikombe tu. Usimkaripie kwa hilo. Mlishe na umlaze kwa saa zile zile, ukitoka muage na urudi ulipoahidi, na asibadilishiwe mlezi tena. Mfikishe na hospitali achunguzwe. Kwa umri wake, kheri kubwa bado ipo.

SUALI (Jang'ombe): Sisi tulichapwa bakora nyumbani na kwenye chuo cha Kurani, mbona tumekuwa watu?

JIBU: Suali hili naletewa kila mara, na kila mara anayeleta ni yule aliyesalimika, walioishia kwenye dawa za kulevya hawatuandikii. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliowahusisha watu wazima 9,508, ulionesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni, kupigwa kukiwa mojawapo, walikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko wasiopitia hata aina moja, kati ya mara 4 na 12, ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Na mwalimu anayeihalalisha bakora yake kwa dini amkumbuke Anas, aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni asiambiwe hata "uff".

SUALI (Chake Chake): Sijawahi kumpiga mwanangu wa mwaka mmoja, ila msimu wa karafuu tunatoka alfajiri tukamwacha na dada yake wa miaka saba. Hilo nalo lina dhara?

JIBU: Lina dhara, na huyo wa miaka saba naye ni mtoto anayehitaji mlezi. Utawala wa Rais Ceaușescu ulipoanguka Romania, huko Ulaya, mwaka 1989, maelfu ya watoto walikutwa katika nyumba za yatima ambamo walilishwa na kuvishwa, lakini wakilia hapakuwa na wa kuwaitikia. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa nyumba kama hizo mjini Bucharest, na walipowapima wakaona umeme wa ubongo wao ni dhaifu. Waliopelekwa kulelewa na familia kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu zaidi kuliko waliochelewa. Sisemi kwamba msimu mmoja wa karafuu ni sawa na maisha yale, bali nakuomba umwache mtoto kwa mtu mzima atakayemsemesha na kumjibu.

SUALI (Mwanakwerekwe): Ipo dawa ya kumwongezea akili mtoto aliyeteswa au aliyekosa wa kumwitikia?

JIBU: Haipo, na anayekuuzia anakuibia.

SUALI (Makunduchi): Binti yetu wa miaka sita amedhalilishwa kijinsia na jamaa wa karibu. Wazee wanataka tuyamalize wenyewe, nami naona muhali kukataa.

JIBU: Muhali huo ndio unaowaangamiza watoto wa visiwa hivi. Mkikaa mkekani mkapatana, mnapatana nyinyi. Mtoto ataendelea kumuona jamaa huyo akiingia ndani na kukaribishwa chai, na ubongo wake hauwezi kutulia maadamu hatari imo nyumbani. Hili ni kosa la jinai, wala halina sulhu. Mpelekeni leo hii kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, Hospitali ya Mnazi Mmoja, bila ya kumkosha wala kufua nguo alizovaa, au pigeni simu ya msaada kwa watoto namba 116, ambayo ni ya bure. Na msimwache akaulizwa tena na tena na kila shangazi anayekuja kutoa pole. Aeleze kwa mtu aliyefunzwa kumsikiliza mtoto.