Laptopu ya kazi nzito ikizorota, anza na chaji

Laptopu za kazi nzito, zile za familia ya ThinkPad P, Dell Precision au HP ZBook, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaochora majengo, wanaohariri video na wanaochakata data nyingi kwa saa nyingi mfululizo. Mimi ni mmoja wao, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu ambaye wenzake kazini humletea mashine zao zikigoma. Karibu kila mmoja huja akiwa ameshaamua ugonjwa: Windows imechoka, au kumbukumbu ya RAM haitoshi. Wengine wameshafuta kila kitu na kuanza upya, na bado mashine inakokota. Ninachowaambia ni kwamba mashine hizi zinakula umeme mwingi na kutoa joto jingi, kwa hiyo uchunguzi uanzie huko. Programu zisubiri.

Chukua chaji kwanza. Laptopu ya kawaida ya ofisini hutosheka na chaji ya wati 65. Yenye kadi ya picha ya kitaalamu inaweza kuhitaji wati 135, 170 au hata 230. Ukichomeka chaji ndogo, mara nyingi mashine itawaka vizuri tu. Pengine itakuonya kwa ujumbe mdogo wakati wa kuwaka, ujumbe ambao watu huupita bila kuusoma. Kisha inajibana yenyewe: prosesa, yaani ubongo wa mashine, inashushwa kasi ili matumizi yasizidi umeme unaoingia. Unafungua mchoro mkubwa, kila kitu kinaganda, unailaumu programu.

Hata chaji ya wati zinazofaa inaweza kukuletea shida hiyo hiyo. Baadhi ya chaji zina pini nyembamba katikati ya kichwa chake, na kazi ya pini hiyo ni kuiambia laptopu chaji hii ni ya wati ngapi. Pini ikipinda au waya wake ukikatika ndani, umeme unaendelea kuingia lakini mashine haijui imechomekwa nini, basi inachukua tahadhari: betri haijazwi na prosesa inateremshwa. Nimeona mashine ya bei kubwa ikitambaa chini ya GHz 1 kwa sababu hiyo, na mwenyewe akiwa tayari kununua nyingine. Tuliazima chaji nzima ya aina ile ile, kasi ikarudi papo hapo.

Kulipima jambo hili hakuna gharama. Fungua Task Manager ya Windows, nenda sehemu ya utendaji (Performance), tazama kasi ya prosesa wakati kazi nzito inaendelea. Ikiwa imeganda kwenye namba ndogo huku mzigo ni mkubwa, kuna kitu kinaibana. Kwa wanaochaji kupitia tundu la USB-C, kumbukeni kwamba hadi 2021 kiwango cha chaji za aina hiyo kilikuwa na kikomo cha wati 100. Kiwango kipya kinafika wati 240, lakini chaji, waya na laptopu vyote vitatu lazima vikubali kiasi hicho. Waya mmoja dhaifu unatosha kuwarudisha wote chini.

Chaji ikiwa safi, geukia joto. Prosesa nyingi za laptopu hizi huanza kujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na zinafanya hivyo kujilinda. Weka HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la kila sehemu na kukuambia wazi kama prosesa imebanwa kwa sababu ya joto au umeme. Mimi huiacha ikirekodi ninapoanza kazi nzito, halafu naisoma baadaye. Ukiona dakika za mwanzo mashine inakwenda kasi na baadaye inalegea huku feni zikipiga kelele, pengine vumbi limeshika mapezi ya kupozea, au pesti ya joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka.

Hapa ndipo ninapozipenda mashine hizi kwa dhati. Zimeundwa zifunguliwe. Lenovo, Dell na HP huweka wazi vitabu vya matengenezo vya mashine zao, bure, vikionyesha skrubu kwa skrubu nini kinatoka kabla ya nini. Pakua kitabu cha modeli yako siku unayoinunua, siyo siku imeharibika. Kabla ya kugusa chochote ndani, zima kabisa, chomoa chaji, kisha kata betri. Baadhi ya modeli zina chaguo ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, la kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua kifuniko. Unapopuliza vumbi, shika feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa upepo mkali huharibu beringi zake. Pesti mpya pakaza kiasi kidogo tu. Kama mkono wako si wa kazi hiyo, mpelekee fundi, lakini sasa unajua cha kumwambia afanye.

Betri nazo. Laptopu inayoishi mezani ikiwa imechomekwa muda wote huichosha betri kwa kuishikilia kwenye asilimia 100 ikiwa moto. Nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Ukiona padi ya kugusia imeinuka au inabofyeka kwa shida, au kifuniko cha chini kimeachana, betri imevimba. Acha kuitumia, usiitoboe wala kuibonyeza, iondolewe.

Mashine isiyowaka kabisa inatisha, lakini mara nyingi haijafa. Chomoa kila kitu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki kwenye saketi uishe, kisha chomeka chaji peke yake ujaribu. Taa zikipepesa au ikilia kwa mpangilio fulani, hesabu. Mpangilio huo una maana na maelezo yake yamo kwenye kitabu cha matengenezo. Na kama umetoka kuongeza RAM ya DDR5 na skrini ni nyeusi, subiri. Mara ya kwanza mashine huipima RAM mpya, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Watu wengi huzima katikati ya hatua hiyo wakidhani wameharibu kitu.

Ikiwaka, tumia vipimo vilivyomo ndani yake kabla ya kununua kipuri chochote. Mashine hizi zina programu ya uchunguzi inayofunguka kabla ya Windows, na itapima RAM, diski na feni. Hapo unapata msimbo wa hitilafu, na msimbo huo ndio unaoupeleka kwenye huduma ya dhamana. Ukifika na maelezo ya “inasumbua tu” utazungushwa. Ukifika na msimbo, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kuhusu draiva za kadi ya picha, yaani programu zinazoiendesha kadi hiyo, usikimbilie toleo jipya kila linapotoka. Sababu moja ya mashine hizi kuwa ghali ni kwamba kampuni za programu za uhandisi na usanifu hujaribu matoleo maalum ya draiva na kuyaidhinisha. Kama programu inayokulisha imeidhinisha toleo fulani, baki nalo.

Ukitaka kusasisha BIOS, fanya mambo mawili: chomeka chaji, na usimamishe kwa muda BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski. Usiposimamisha, mashine inaweza kukuomba ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Kama hukuuhifadhi, mafaili yako yamefungwa ndani na hakuna fundi wa kuyatoa. Utafute ufunguo huo leo, uuweke nje ya laptopu hiyo.

Kwa anayenunua iliyotumika, iliyotoka ofisini, ingia BIOS kabla ya kutoa pesa. Ikikuomba nywila ya msimamizi asiyejulikana, iache. Kwenye modeli nyingi hata mtengenezaji atakuambia dawa ni kubadilisha bodi kuu. Iunganishe pia kwenye intaneti na uisakinishe Windows upya kabisa: ikijitokeza skrini ya kuingia yenye jina la kampuni fulani, bado inasimamiwa nao. Na uangalie kizazi cha prosesa. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache za kizazi cha 7, pamoja na TPM 2.0, kipengele cha usalama cha kutunza funguo ndani ya mashine. Mashine imara ya kizazi cha 6 bado inafanya kazi nzuri kwenye Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kama programu zako zinapatikana huko.