Tusitafute muda, tusogeze mkutano

Wiki hii jarida limetuuliza: "Mtu mwenye familia na kazi ya mikono yake apate wapi muda wa kushughulikia mambo ya mji wake?" Mimi ni mama wa watoto na mshona kofia, naishi Lamu, mtaa wa Langoni. Jibu langu ni kwamba muda huo haupo wala hautapatikana. Anayesubiri watoto wakue na kazi zipungue ndipo ausemee mji wake, atakuta mji umeshapangwa na wengine. Linalowezekana ni kuichukua shughuli ya mji na kuileta pale ambapo mikono yetu iko kazini tayari.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuelewa tulivyofanya. Kofia ya viua haishonwi kwa mashine. Unakata kitambaa cheupe, duara la juu na ukanda wa pembeni, unachora viua kwa penseli, halafu unatoboa kitundu kimoja kimoja kwa sindano na kukizungushia uzi mpaka kikaze. Vitundu ni vingi mno, na kikilegea kimoja mnunuzi anakiona. Kofia nzuri inakula miezi. Lakini kazi hii inashika macho na vidole tu. Masikio yako huru, na ulimi uko huru. Ndiyo sababu wanawake wa Lamu hawapendi kushona peke yao. Baada ya Alasiri tunakutana dakani kwa jirani, yaani kwenye kibaraza cha mlango wa nyumba yake, kila mtu na kofia yake na mwanawe mdogo, tunakaa mpaka karibu na Magharibi.

Hapo ndipo tulipoanza kusomeana. Binti wa wifi yangu anasoma chuo, na siku zake za likizo yeye ndiye msomaji wetu. Anasoma aya moja ya Kiingereza, anaieleza kwa Kiswahili, mtu anamwambia "hebu rudia hapo", anarudia. Inakwenda polepole, na ni vizuri iende hivyo.

Jambo la kwanza tulilosomewa mpaka mwisho ni uamuzi kuhusu makaa ya mawe. Wengi wanakumbuka kelele zake: mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliotaka kujengwa Kwasasi, upande wa bara, ng'ambo ya mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Save Lamu, muungano wa vikundi vya watu wa Lamu, pamoja na wakazi walikwenda kupinga leseni ya mazingira ya mtambo huo, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta. Sisi tulikuwa tunajua kwamba tumeshinda. Hatukuwa tunajua tumeshinda kwa hoja gani. Nilidhani ni moshi na samaki. Kumbe hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa kabla utafiti haujakamilika, na ulipokamilika watu hawakurudiwa wakaelezwa umeona nini.

Bibi mmoja akaweka sindano chini akauliza: "Kwa hiyo mimi kutoitwa mkutanoni ni hoja ya kupeleka kortini?"

Ni hoja, bibi yangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi nayo iligusa jambo hilohilo katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, kesi iliyofunguliwa 2012, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Malipo yenyewe yaliingia katika mazungumzo marefu baadaye, na mke wa mvuvi anajua ilikuwaje kuendesha nyumba miaka yote hiyo. Hata hivyo neno la mahakama lilikuwa limeshasemwa.

Sasa tazama mikutano inavyoitwa. Mara nyingi nimeona tangazo limebandikwa ukutani mwa ofisi, kwa Kiingereza, linataja siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Saa hiyo mimi natayarisha chakula cha mchana, samaki hajasafishwa, mtoto mmoja ana homa, mavyaa wangu anataka dawa yake. Wanaohudhuria ni wale ambao kazi yao ni kuhudhuria. Kisha inaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa na hapakuwa na pingamizi. Hili linanikera kuliko mradi wowote, kwa sababu limegeuza shughuli zetu za nyumbani kuwa kibali cha mtu mwingine.

Kinachotushughulisha mtaani kwetu hivi sasa ni mchanga wa Shela, matuta ya kijiji jirani kisiwani kwetu. Mgeni anauona ni mahali pa kupigia picha. Sisi tunakunywa kutoka humo. Mvua inayonyesha juu ya matuta yale inazama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, yanakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Visima vilivyochimbwa pale ndivyo vinavyolisha mji. Mtu akiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Akijenga na kuchimba choo juu ya tuta, uchafu unashuka na mvua ileile. Jambo hili halihitaji shahada. Mama yeyote wa Lamu anatambua maji yakianza kukolea chumvi, kwani chai humwambia kabla ya mtaalamu. Kwa hiyo tuliposikia watu wanaonyeshana viwanja kwenye matuta, habari ilifika dakani siku hiyohiyo.

Tuliandika barua, lakini kabla ya barua tulifanya kitu ambacho naona kilikuwa na nguvu zaidi. Watoto wetu wana masomo ya nyumbani kila siku, na sisi lazima tuwasimamie. Tukawaambia waandike utenzi wa maji. Waandike kama wanavyosema nyumbani, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na kila mtoto aulize wazee wake kwanza kabla hajashika kalamu. Wengine walirudi na habari za birika za nyumba za zamani, zile zilizofugwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Wengine walirudi na majina ya visima nisivyowahi kuvisikia. Binti yangu wa kati aliandika ubeti huu, na sikuugusa ila alama za uandishi (mtanga ni mchanga, mai ni maji):

Mtanga huu wa pwani,
una hazina ya ndani,
mai tunwayo nyumbani,
usijengewe majumba.

Hesabu mizani, zimetimia. Waliukariri wakipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kutoka madrasa, na wanaume waliokaa barazani wakawa wanauliza ni utenzi wa nani na unasema nini. Watoto wakaeleza. Nimeshiriki matembezi ya mabango, na nayaheshimu, lakini bango linasomwa mara moja. Ubeti ukishaingia kichwani mwa mtoto unarudi nyumbani kila jioni, unamsikilizisha baba yake hata kama hakutaka mkutano.

Mavyaa wangu hatembei mbali tena. Alikuwa analea kichanga changu wakati sisi tunaandika, akawa anasikiliza, na kila tukikosea mahali anatusahihisha: kisima fulani kilikuwa chini ya mkwaju ule, si huku, na kilikauka mwaka ule walipofanya vile. Tukageuza mambo. Tukamkabidhi msichana mkubwa mtoto, tukamketisha bibi katikati, tukaandika anavyosema. Ukurasa mzima wa barua ni maneno yake. Ofisi inaweza kubishana nami juu ya ramani, lakini huyu ni mtu aliyekuwa akibeba ndoo.

Niseme na wanaume, kwa kuwa swali linataja familia na familia si mama peke yake. Ukitaka mkeo ausemee mji, na wewe ushike jambo moja nyumbani na ulishike kila siku. Mume wangu, akiwa hayuko baharini, ndiye anayewapeleka watoto madrasa na kununua mahitaji ya jioni. Hafanyi hivyo kwa kunisaidia. Ni watoto wake na ni maji yake. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika hapa, si kwa kukosa fedha, ila kwa kuwa kila kazi ya kikundi iliongezwa juu ya kazi zote za nyumba za mtu mmoja mpaka akachoka akanyamaza.

Na ninyi mnaoitisha mikutano, wa serikali au wa mashirika, nawaomba mambo machache tu. Iteni baada ya Alasiri, isiwe Ijumaa. Njooni mtaani, msitungoje ofisini. Leteni ripoti kwa Kiswahili, hata muhtasari wa kurasa chache, siku kadhaa kabla. Mruhusu watoto waingie, na mruhusu tushone. Mama anayeshona amekusikiliza kuliko mtu aliyeinamia simu yake.

Barua yetu ya matuta imepokelewa na kupigwa muhuri, jibu bado. Jumamosi binti wa wifi yangu atatusomea sheria inasema nini kuhusu ofisi isiyojibu, na mavyaa ameomba akae karibu na mlango ili asikie vizuri. Tuko Langoni, dakani kwa jirani. Anayepita aingie, na kama ana kofia aje nayo.